UZI MAALUMU: Mtoto anasimama pembeni wenzake wakicheza. Tumfundisheje kuingia mchezoni?

Kona_ya_Awali #1

Wakuu, salaam.

Kwenye nyuzi za malezi mada hii huwa inapita juu juu. Mzazi anauliza "mwanangu hachezi na wenzake nifanyeje", anajibiwa "mpe muda atazoea", mjadala umekwisha. Wapo wanaozoea kweli. Wapo pia wanaofika darasa la tatu huku kila mapumziko wanauzunguka uwanja wa shule mwanzo hadi mwisho bila kuingia popote. Wanatamani kucheza, ila hawajui waingilie wapi.

Kuingia kwenye mchezo ambao tayari umeanza ni kazi peke yake, tofauti na kuujua mchezo wenyewe. Mtoto anaweza kuwa fundi wa gololi nyumbani na bado akashindwa kabisa kuingia kwenye gololi za wenzake. Martha Putallaz na John Gottman waliliangalia hili Marekani, utafiti wao ukatoka mwaka 1981: watoto wa darasa la pili na la tatu waliingizwa mmoja mmoja mahali ambapo wenzao wawili walikuwa wanacheza. Waliokuwa hawapendwi sana darasani walielekea kufanya mambo yanayofanana: kuuliza maswali, kujizungumzia, kutoa maoni yao, na kupinga. Ukitazama vizuri, yote hayo yanawalazimisha wanaocheza waache mchezo wamshughulikie mgeni. Na hakuna mtoto anayependa mchezo wake usimamishwe.

Utaratibu unaofanya kazi uko hivi. Nitatumia rede, maana wengi tunaijua: wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, walio kati wanakwepa huku wakijaza mchanga kwenye chupa.

Kwanza asogee, atazame. Hatua tatu au nne kutoka kwenye mchezo, uso umeelekea wanaocheza. Akisimama mbali hakuna atakayejua kuwa anataka kucheza. Akisimama nyuma ya mrushaji anazuia mpira, na amekuwa kero kabla hajafungua mdomo. Dakika moja au mbili zinatosha. Anatafuta majibu ya mambo manne: huu ni mchezo gani, zamu zinakwendaje, nani anasikilizwa na wenzake, na upande gani umepungukiwa mtu. Akipitisha dakika tano amesimama tu, wenzake wanamzoea kama mti wa pale uwanjani na kuingia kunazidi kuwa kugumu.

Pili, aufae mchezo akiwa bado nje. Mpira ukitoka, aukimbilie na kuurudisha palepale. Asiushike akasema "nipeni nafasi kwanza niwape", huo ni utekaji. Mwenzake akikwepa vizuri, amshangilie kwa neno moja: "Duh, kakwepa huyo!" Hapo ameshakuwa ndani ya mchezo kwa sauti, bado mwili tu.

Tatu, asubiri upenyo. Kwenye rede upenyo ni pale chupa imejaa au wote wa kati wamekufa na warushaji wanabadilishana. Akiingia chupa iko nusu anavuruga hesabu, lazima atimuliwe.

Nne, sentensi moja fupi inayohusu mchezo, na mwili uende nayo: "Kati mko wawili tu, naingia na nyie." Baada ya hapo anacheza kwa sheria alizozikuta. Kubishia sheria aache mpaka raundi mbili au tatu zipite.

Kenneth Dodge na wenzake mwaka 1983 waliona mfuatano huohuo ndio unaofaulu zaidi: kusubiri na kutazama, kisha kuiga, kisha kusema jambo linalolihusu kundi. Wanaoruka hatua ndio wanaogonga mwamba.

Karibuni wenye kuongezea.

---

mama_shangwe #2

Uzi mzuri mwalimu. Swali: kwa nini asiombe tu kwa adabu, "naomba na mimi nicheze"? Si ndivyo tunavyowafundisha nyumbani?

---

Kona_ya_Awali #3

Dada, adabu haina ubaya, shida ni wakati. Ombi la "naomba nicheze" katikati ya mchezo ni swali la ndiyo au hapana, na kwa mtoto aliyenogewa "hapana" ndiyo jibu la haraka. Pia ombi hilo halimwambii mwenzake mgeni atafanya nini. Atakaa wapi? Atakuwa upande gani? Mtoto wa miaka mitano hana muda wa kumpangia. "Nizungushe kamba wewe uruke?" ni ombi pia, lina adabu, na limekuja na kazi yake mkononi.

Kuna mahali kuomba ni lazima: chandimu. Mwenye mpira ndiye serikali. Hapo mtoto amfuate mwenye mpira mwenyewe, goli likishafungwa na kabla mpira haujawekwa kati, amwambie upande anaotaka. Asitangaze kwa uwanja mzima "jamani nacheza!", hapo kila mmoja atasubiri mwingine ajibu na mwishowe anachuniwa.

---

Fundi_Michezo #4

Nakazia hilo la upenyo, kwa sababu kila mchezo una mlango wake na mtoto hawezi kuukisia. Afundishwe mmoja mmoja.

Kombolela: mlango ni pale anayetafuta anapobadilika, kabla hajaanza kuhesabu. Akiingia baada ya kuhesabu anayetafuta hajui ana watu wangapi, ugomvi unaanza.

Kamba ya kuzungusha: mlango uko wazi muda wote kwa anayekubali kuzungusha. Wanaozungusha huwa wamechoka na wanatamani kuruka. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa mtoto mwenye haya, kwa sababu haihitaji maneno, anashika tu ncha ya kamba.

Mdako: akae chini kwenye duara kwanza, mikono magotini. Asiguse kete za mtu. Zamu ikizunguka ikamfikia aliye pembeni yake, ndipo aseme "baada yako mimi".

Ukuti na michezo ya kuimba kwa duara: aimbe kwanza akiwa nje, halafu asimame kati ya wawili wakati wimbo unaanza upya. Mikono inaachana yenyewe.

Gololi: aje na zake. Asiye na gololi anaonekana kaja kukopa.

Kupikapika, mchezo wa baba na mama: hapa watoto wengi wanaharibu kwa kuomba cheo kilichoshikwa. Mama yupo, baba yupo, anakuja mtu anataka kuwa mama. Achukue nafasi ambayo haina mtu na inayoingia kwenye habari yenyewe: mgeni aliyepiga hodi, muuza mkaa, mgonjwa, dereva. "Hodi hodi, nimeleta mkaa" akiwa na vijiti mkononi hakataliwi kirahisi, maana ameleta kitu ambacho chungu kinakihitaji.

---

Nyota_ya_Mrima #5

Mi naona mnazunguka sana. Mnunulie mtoto mpira mzuri, watamfuata wenyewe. Au mpe peremende agawe.

---

Fundi_Michezo #6

Mkuu, tuzitenganishe. Peremende zinanunua dakika tano, zikiisha na marafiki wamekwisha. Kibaya zaidi kesho yake anadaiwa: "leo hujaleta?" Usiingie huko.

Mpira ni suala jingine, unasaidia ukitumika kwa akili. Mtoto mwenye mpira anapewa nafasi, lakini akifungwa anaubeba anaondoka nao, na baada ya mara mbili tatu hawamtaki na mpira wake. Ukimnunulia, kubalianeni kabla hajatoka nyumbani: mpira ukishaingia mchezoni ni wa wote mpaka muda wa kurudi ufike, na hauondoki kwa sababu ya kususa. Kama hawezi kutimiza hilo, bora atoke na kamba. Kamba haina mfalme.

---

TibaLugha #7

Naomba niingize upande wa mawasiliano. Kabla ya kumwita mtoto mpole au mwenye kiburi, kapimeni masikio. Mtoto mwenye usikivu hafifu nyumbani kwenye utulivu anaitika vizuri, uwanjani kwenye kelele hasikii "zamu yako!" hadi ishapita. Wenzake wanamwona mzembe. Dalili: anatazama midomo, anaanza kukimbia baada ya wengine wote kuanza, anajibu kisichoulizwa, masikio yanatoa usaha mara kwa mara. Mtoto huyu hatua ya kutazama anaihitaji ndefu kidogo, na asimame mahali anapoona uso wa anayeongoza mchezo.

Mwenye kigugumizi: mpunguzieni hotuba. Milango isiyohitaji maneno, kama kamba, kuokota mipira au kuingia duara, iwe ndiyo ya kuanzia. Akiandaa sentensi, iwe ya maneno mawili matatu, na asilazimishwe kuirudia mbele ya watu ikikwama.

Mwenye usonji: "sogea utazame uone wanafanya nini" kwake ni maelekezo ya hewani. Nani atazamwe? Nini kionekane? Mchoreeni kadi nne zenye picha, moja kwa kila hatua, ukubwa wa kadi ya karata, zitobolewe na kufungwa uzi zikae mfukoni. Anzeni na mchezo mmoja tu wenye sheria zisizobadilikabadilika. Kuzungusha kamba au rede ni afadhali kuliko baba na mama, ambao habari yake inageuka kila dakika.

Na kwa mtoto huyu msimfundishe yeye peke yake. Chagueni wenzake wawili au watatu wenye subira, muwafundishe mambo matatu: kumwita kwa jina na kumwonyesha pa kusimama, kusubiri kidogo kabla ya kurudia, na kutoondoka akikosea mara ya kwanza. Kazi ya kuwafundisha wenzake ina matokeo mazuri sana na wazazi wengi hawaifikirii, mzigo wote wanambebesha mtoto mwenye shida.

---

mama_shangwe #8

Shukrani sana. Na akikataliwa? Wa kwangu wakishamwambia "hapana" mara moja anakuja kulia, hataki tena kutoka.

---

Kona_ya_Awali #9

Hapa ndipo penye uzi wenyewe, nitaandika kirefu kidogo.

Kukataliwa ni jambo la kawaida kuliko watu wazima wanavyodhani. William Corsaro alikaa muda mrefu na watoto wa shule ya awali California miaka ya 1970, akaona takriban nusu ya majaribio ya kwanza ya kuingia kwenye mchezo yanapingwa. Maelezo yake yana mantiki: mchezo wa watoto wadogo ni dhaifu, mtu mmoja akiingia vibaya unavunjika, kwa hiyo walio ndani wanaulinda. Wengi waliokataliwa walijaribu tena kwa njia nyingine na wakaingia. Kwa hiyo mtoto wako hajatengwa na dunia. Amegonga mlango mara moja.

Mfundishe kuisikiliza "hapana" yenyewe, maana ziko za aina nyingi:

"Tumeshaanza." Hii maana yake raundi ijayo. Jibu: "Sawa, nahesabiwa raundi ijayo," kisha anakaa palepale karibu. Akiondoka watamsahau.

"Tumejaa." Aje na mtu wa pili, waingie mmoja kila upande. Wanaocheza wanaogopa pande kutolingana kuliko wanavyomwogopa yeye.

"Hujui." Kama ni kweli, aombe kazi ya pembeni: kuhesabu magoli, kuzungusha, kuokota. Jioni afundishwe mchezo huo nyumbani. Kama si kweli asibishane, awaambie "niwekeni raundi moja muone".

"Hatukutaki." Hiyo haina mjadala. Aondoke bila kulia mbele yao na bila matusi, aende kundi jingine. Majaribio mawili kwa kundi moja yanatosha kwa siku hiyo.

Kinachoharibu kabisa ni kukimbilia kwa mwalimu, "wamenikataa". Mwalimu anakuja, anaamuru "chezeni na mwenzenu!", wanaitikia "sawa mwalimu", mwalimu akigeuza mgongo mchezo unahamia upande wa pili wa uwanja. Safari hii sasa wana sababu ya kumkataa.

Nyumbani msimuulize "leo umecheza na nani?" Muulizeni "leo umejaribu mara ngapi?" Kujaribu kuko mikononi mwake, kukubaliwa hakuko. Kwa huyo anayelia, msianze na uwanja kabisa.

---

Fundi_Michezo #10

Nimalizie hilo la kutoanza na uwanja. Mazoezi yanaanzia mkekani.

Chukua visoda sita. Vitano ni watoto wanaocheza, vipange duara. Cha sita, kikwaruze alama, ndiye mtoto mgeni. Mtu mzima aanze kwa kukosea makusudi: kisoda kinaruka katikati ya duara, "mimi nina gari kubwa nyumbani!" Muulize mtoto: mchezo umeendelea au umesimama? Watoto wanacheka sana hapo na wanajibu sahihi. Kisha fanya tena polepole kwa hatua za mwalimu wa #1, halafu mwachie yeye akisogeze. Dakika kumi, mara tatu au nne kwa wiki. Zaidi ya hapo inakuwa somo, anachoka.

Wiki ya pili, ndugu zake wacheze mdako kweli na yeye aingie. Waambie pembeni wamkatae mara moja katika kila tatu, kwa maneno yale ya #9, ili azoee kuijibu "hapana" mahali salama. Wasizidishe. Kuna kaka wanalifurahia zoezi hili kupita kiasi.

Kisha mwalike mtoto mmoja nyumbani. Mmoja. Ukialika wawili, mara nyingi wale wawili watashikana na mwenyeji atabaki mtazamaji kwao. Muda uwe dakika 45 hadi saa moja, na umalize wakati bado wanataka kuendelea. Kabla mgeni hajafika, muulize mtoto ni vitu gani hataki vichezewe, vifungiwe kabatini. Vinavyobaki nje ni vya wote. Pangeni shughuli mbili zinazohitaji mikono minne: kusuka mpira wa mifuko na kamba, kutengeneza gari la waya au la maboksi, kukanda na kukata maandazi. Wewe kaa karibu na kazi yako, mchele wa kuchambua au mboga, masikio wazi na mdomo umefungwa. Ingilia wakipigana au wakikwama zaidi ya dakika moja, na ukiingia toa sentensi moja uondoke: "Naona kuna mkasi mmoja na watu wawili." Wataamua wenyewe.

Wakizoeana hivyo mara tatu nne, mtoto huyohuyo ndiye mlango wa uwanjani. Kuingia kwenye kundi lenye rafiki mmoja ndani ni tofauti kabisa na kuingia kwenye kundi la wageni watupu.

---

Brikicho_254 #11

Nawasalimu kutoka Kenya. Kuna jambo hamjaligusa: mtoto aliyehama. Kwetu mchezo unaofanana na rede tunauita kati, na wa kujificha ni brikicho. Mtoto akitoka Arusha akaletwa Nakuru anajua michezo yote, lakini akisikia jina hajui kama ni ule wake, na sheria zinatofautiana kidogo. Wenzake wanadhani ni mjinga. Wiki ya kwanza mzazi atafute mtoto mmoja wa jirani amfundishe majina na sheria za mtaa huo, michezo miwili mitatu tu inayochezwa sana.

Halafu kuhusu kushika kamba. Kwenye blada, ile kamba ya mpira, wawili wanaivaa miguuni, wengine wanaruka. Mtoto mpole akijitolea kushika wanamwacha ashike mpaka kengele. Anageuzwa nguzo ya stima! Afundishwe kusema mapema: "Nashika, wawili wakikosea naingia mimi." Asemee mwanzoni kabisa, akingoja achoke atasema kwa hasira.

---

Fundi_Michezo #12

Umenena Brikicho. Kwenye kamba ya kuzungusha ni vilevile, anayekosea ndiye anayekuja kuzungusha. Sheria ipo, ila mtoto asiyeidai hapewi.

---

babaG_2019 #13

Wa kwangu ana miaka miwili na nusu, anacheza karibu na wenzake lakini kila mmoja na lake. Nianze haya mafunzo?

---

TibaLugha #14

Hapana mkuu, huyo yuko sawa. Mildred Parten aliyaeleza haya tangu 1932: kuna mtoto kucheza peke yake, kuna kutazama, kuna kucheza sambamba kila mmoja na kopo lake, halafu kushirikiana kunakuja taratibu, na mchezo wa kugawana majukumu unaonekana zaidi kuanzia miaka minne hivi. Kwa umri huo mwekee makopo mawili yanayofanana badala ya moja. Ugomvi unapungua, na kuigana ndiyo mazoezi yenyewe. Kinachostahili kupelekwa kwa mtaalamu ni mtoto asiyewatazama kabisa wenzake, asiyeitika jina lake, asiyeonyesha kitu kwa kidole, au aliyekuwa na maneno yakapotea.

Nigusie na mpaka wa uonevu, nisije nikasomwa vibaya. Kukataliwa na kundi hili leo na lile kesho ni kawaida. Watoto walewale, kila siku, wenye jina la dhihaka, wanaowazuia na wengine wasicheze naye, wanaomnyang'anya chakula: huo si mlango wa kufundishwa kugonga. Mtu mzima aingie, moja kwa moja, kwa mwalimu wa darasa na kwa wazazi wa upande wa pili.

---

Kona_ya_Awali #15

Kwa walimu wenzangu, maana darasa la watoto 80 huwezi kumkalia mmoja mkekani.

Acheni mtindo wa manahodha wawili kuchagua wachezaji. Yule anayebaki wa mwisho kila wiki mmemtangaza wenyewe. Hesabuni moja-mbili, moja-mbili, au gaweni vitambaa vya rangi.

Kwenye kona za ujifunzaji, wekeni kikomo kinachoonekana. Kona ya nyumbani watoto watano: tundikeni shanga tano za uzi msumarini, anayeingia anavaa, shanga zikiisha kona imejaa. "Tumejaa" inakuwa ya msumari, haitoki tena kinywani mwa mtoto mbabe. Kila baada ya dakika 15 au 20 wanabadilishana.

Vifaa viwe vinavyodai watu. Kamba fupi ya mtu mmoja inazaa mchezo wa peke yake. Kamba ndefu haiendi bila watatu. Kabla ya mapumziko mpe mtoto anayesita kamba hiyo aitoe nje yeye. Amefika uwanjani na kazi, na wenzake wanamfuata.

Steven Asher na Sherri Oden mwaka 1977 waliwafundisha watoto wa darasa la tatu na la nne waliokuwa hawachaguliwi na wenzao mambo manne: kushiriki mchezo kwa moyo, kupokezana na kugawana, kuongea na kusikiliza, na kuwatia wenzao moyo. Kila mmoja alielezwa kwanza, akacheza na mwenzake, kisha akaulizwa yalikwendaje. Baada ya hapo wenzao walizidi kutaka kucheza nao, na mwaka mmoja baadaye faida ilikuwa bado ipo. Mwalimu anaweza kufanya hivyo kwa dakika tatu kabla ya kengele na mbili baada ya kengele, mtoto mmoja kwa wiki. Kucheza kwenyewe katikati kusiachwe, maelezo matupu hayamsogezi mtu.

---

mama_shangwe #16

Nimechukua yote. Hiyo kamba ndefu iwe ya urefu gani, na ipi?

---

Fundi_Michezo #17

Mita nne hadi tano kwa wazungushaji wawili na warukaji wawili. Chukua ya katani, nene kiasi. Za plastiki ni nyepesi, zinapeperuka na upepo na hazizunguki vizuri. Piga fundo kila ncha isifumuke, na iloweshe kidogo kabla ya siku ya kwanza ilainike.